Binti Aliyesoma Nyuso

Karatasi ya shule ilimkuta Generoza mezani kwake sokoni Rumonge, katikati ya bidoni mbili za mawese. Aliyeileta ni mwenye karatasi mwenyewe, binti yake Anita, wa miaka kumi na mitano. Aliiweka juu ya meza, akarudi nyuma hatua mbili, akasimama mikono nyuma kama alivyozoea. Hakusema ni ya nini.

Generoza aliisoma, akairudia. Ilisema mzazi wa Dusabe Anita anatakiwa kesho saa nne kwa mwalimu wa darasa la tisa, kwa jambo la mwenendo wa mtoto. Basi. Hakuna zaidi.

"Umefanya nini?"

"Sijui, mama."

"Hujui? Kwa hiyo mwalimu kaamka tu akaota jina lako?"

"Ndiyo, mama."

Hivyo ndivyo alivyokuwa Anita. Ukimuuliza, ndiyo mama. Ukimtuma, ndiyo mama. Wageni wakija nyumbani aliamkia kwa kuinama, akaleta maji ya kunawa, akapotea nyuma ya pazia, wala husikii hata kikohozi. Wanawake wa sokoni walimsifia Generoza malezi hayo mpaka yeye mwenyewe akaona haya. Wenzake walikuwa na mabinti wanaojibu, wanaozunguka na simu, wanaocheka njiani mpaka watu wageuke. Yeye Mungu alimpa mtoto mtulivu kama maji ya mtungini. Si kwamba Mungu alifanya kazi hiyo peke yake. Generoza aliyeishi miaka ishirini na minane ukimbizini Tanzania alirudi Burundi na Kiswahili chake kilichonyooka, na alikilinda kama mtu anavyolinda vyombo vya harusi. Anita akisema "ndagala iko wapi," alirudishwa: dagaa wako wapi. Akisema "mutoto," alirudishwa: mtoto. Akiingilia maneno ya wakubwa, alitazamwa mara moja tu, na mara moja hiyo ilitosha.

Sasa mwenendo gani huo wa kuitiwa mzazi?

Kesho yake Generoza alivaa kitenge cha kanisani, akaenda. Mwalimu Niyonzima alikuwa kijana mwembamba mwenye vumbi la chaki hadi kwenye mfuko wa shati. Alimpokea kwenye darasa tupu, wanafunzi wakiwa nje kwa mapumziko, akaanza kwa Kirundi, halafu aliposikia Kirundi cha Generoza kinavyojikwaa, akahamia Kiswahili cha mjini.

"Karibu, mama. Wewe uko nani wake Anita?"

"Mimi ni mama yake."

Mwalimu alimtazama, akaitazama karatasi, akamtazama tena. "Samahani. Mama yake mimi namujua. Alikuja kwenye mkutano wa wazazi, mwezi wa kumi. Mama mrefu, ana mwanya hapa mbele. Anacheka sana. Anita alikaa naye, akamutambulisha kwetu wote."

Generoza alimjua mwanamke mmoja tu mrefu, mwenye mwanya, anayecheka sana. Ni Rachelle, Mkongomani anayeanika ndagala ufukweni, mama wa Elda, rafiki yake Anita. Akahisi uso unamchoma, lakini akasema kwa utulivu, "Huyo ni jirani. Mimi ndiye niliyemzaa."

"Basi murakoze kwa kuja," alisema mwalimu, akavuta benchi akae karibu. "Maana mimi mwenyewe, mama, nimefundisha miaka kumi na moja, na kwa huyu mtoto sijui kama nimupe adhabu ao nimupongeze."

Akaeleza. Kwanza alieleza Anita yukoje darasani, na kila neno alilolisema lilimpita Generoza kama habari za mtoto wa watu wengine. Anita anaongea na kila mtu. Wawili wakigombania benchi, kabla mwalimu hajafika Anita ameshafika. Alipokuja mwanafunzi mpya kutoka Kabonga, analia kwa upweke, Anita alimkalisha kando yake, na baada ya wiki mtoto yule alikuwa akiimba. Mwalimu mwenyewe akitaka darasa likubali jambo gumu, humwambia Anita kwanza.

"Anita gani?" Generoza aliuliza.

"Anita wako."

"Hebu nione daftari lake."

Mwalimu alinyanyuka, akaleta daftari. Mwandiko ulikuwa wa Anita, zile herufi za kuegemea kushoto. Generoza alilifunga, akaliweka magotini.

Kisha kikaja kisa chenyewe. Darasa lilitakiwa kumchagua delege, yule wa kulisemea mbele ya mkurugenzi. Wasichana wawili walikitaka cheo hicho, Elda wa Rachelle na mwenzake anayeitwa Zuwena. Anita alikuwa mwandani wa wote wawili. Akamwambia Elda: usihofu, Zuwena kaniambia hataki tena, utapita peke yako. Akaenda kwa Zuwena, akamwambia: Elda amekuachia, jiandae. Siku ya uchaguzi wakasimama wote wawili, kila mmoja ametunga hotuba yake, kila mmoja anamshangaa mwenzake. Wakaulizana. Jina la Anita likatoka kwenye vinywa vyote viwili kwa mpigo. Elda akavuta mtandio wa Zuwena, Zuwena akamkwangua Elda shavuni, madawati yakaanguka. Na katikati ya fujo hiyo, darasa zima lililochoka na wagombea wote wawili likaanza kuita jina moja. Mikono ikahesabiwa. Delege akawa Anita.

Generoza aligeukia dirisha. Nje wasichana walikuwa wakiruka kamba.

"Alilipanga?" aliuliza hatimaye.

"Nami nilimuuliza hivyo hivyo. Akaniangalia machoni, akasema, 'Mwalimu, nilitaka tu wasigombane.' Nikamuamini. Alipotoka mlangoni nikaacha kumuamini. Jioni nikamuamini tena." Mwalimu alijikuna shingo. "Nimemupa mpaka Jumatatu. Apatane na wale wawili, na aniambie kama anabaki ao anajiuzulu. Lakini nilitaka mzazi aongee naye. Muongee naye nyumbani, mama."

"Nyumbani hasemi."

"Hasemi aje?"

"Hasemi. Anaitikia."

Wakatazamana, mwalimu na mzazi, kama watu wawili walioagiziwa mzigo mmoja na kila mmoja amepokea wa kwake.

Alasiri hiyo Generoza alifunika bidoni zake mapema, akateremka ufukweni. Alikuwa amepanga maneno ya kumwambia Rachelle, maneno makavu, na njia nzima alikuwa akiyanoa. Alipokaribia vichanja vya ndagala alisikia kicheko, halafu sauti ya msichana ikipanda juu ya sauti za wanunuzi.

"Papa, usikasirike. Hii ndagala imekauka tangu asubui, ona, inavunjika. Ile ya kule iko mbichi ndani. Mi siwezi kukudanganya, wewe uko mutu wa kurudi. Na weye mama, ngoja, yeye alifika mbele, lakini yako iko, nimekuwekea."

Alikuwa ni Anita. Kichwa wazi, mkono mmoja kiunoni, kidole cha mkono mwingine kinamwonyesha mnunuzi kutoka Gitaza mwenye ndevu nyeupe, na mzee yule, aliyekuwa amekunja uso, alikuwa akicheka. Yule mama aliyekuwa akisukumana naye alitulia, akasogeza beseni lake. Generoza alisimama nyuma ya rundo la makasha. Kiswahili kile kilikuwa kimepinda kila mahali, na kila mtu alikuwa akikielewa. Mtoto alikuwa mzuri. Hakuwahi kumwona mzuri namna ile, na jambo hilo lilimuuma pasipojulikana.

Akatoka. Anita akamwona. Mkono ukashuka kutoka kiunoni, macho yakashuka, mabega yakajikunja. Ilikuwa kama mtu amepuliza taa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nenda nyumbani."

"Ndiyo, mama."

Rachelle alikuja akijifuta mikono kwenye kanga, mrefu, mwanya wake mbele, lakini siku hiyo hakucheka. "Mama Anita. Nilijua utakuja. Niambie ukweli, mwezi wa kumi ulikuwa mugonjwa ao hapana?"

"Sikuwa mgonjwa."

"Yeye aliniambia uko mugonjwa, hautembei. Nilienda juu ya huruma, kwa Elda nikatuma baba yake. Nikavaa mpaka viatu."

Maneno makavu ya Generoza yalimtoka kichwani yote. Alibaki na moja tu. "Anakuja hapa kila siku?"

"Kila siku. Anasema mpaka namuambia afunge kinywa tusikie redio."

"Kwangu hasemi, Rachelle. Kwa nini kwangu hasemi?"

"Mi nitajua aje?" Rachelle aligeuza samaki kwa ufagio mdogo. "Hapa akisema vibaya, hakuna mutu wa kumurudisha. Mi mwenyewe nasema vibaya. Pengine ni ile. Pengine si ile." Kisha uso wake ukakaza. "Lakini usifikiri namusifu. Mutoto yako namupenda, na ile alimufanyia Elda sikuipenda. Elda yuko ndani, hakuli vizuri siku ya tatu hii. Shavu yake iko na alama. Alikuwa anamuita Anita dada."

Generoza alirudi nyumbani akiwa na mambo mawili mkononi asijue lipi aliweke chini kwanza. Ikiwa Anita ni mnafiki, basi aadhibiwe. Lakini mnafiki gani anayemtuliza mtoto mgeni asilie? Na ikiwa ni mpole, upole gani huo unaoacha alama mashavuni mwa watu?

Mume wake, Tarsisi, alikuwa amerudi kutoka kinuni, kwenye mashine ya kukamulia ngazi za michikichi, miguu imejaa mafuta mekundu. Generoza akamsimulia yote. Tarsisi alisikiliza huku akijisugua visigino kwa jiwe.

"Nilijua," alisema.

"Ulijua nini?"

"Kwamba anasema. Akiniletea chakula kule kinuni anawachekesha watu mpaka mashine inasimama."

"Mbona hukuniambia?"

"Nilidhani unajua. Ni mtoto wako."

Generoza aliinuka. Alikwenda nyuma ya nyumba, akakaa juu ya kinu kilichopinduliwa, na kilichomjia pale hakikuwa Anita, kilikuwa ni mama yake mwenyewe. Alimwona vilevile kama zamani, kule kwenye makazi ya wakimbizi upande wa Mpanda, akimfunga kilemba kabla ya kupanda basi kwenda hospitali ya mjini. Usifungue kinywa, alimwambia. Mtu akikuuliza, tikisa kichwa. Ukitamka tu neno moja kama sisi, watajua umetoka wapi, na karatasi ya ruhusa hatuna. Generoza alikuwa na miaka tisa. Alikaa ndani ya basi lile ameuma midomo, na abiria mmoja akasema, mtoto huyu ana adabu kweli. Baadaye alijifunza Kiswahili cha wenyeji hadi hakuna aliyeweza kumjua. Halafu wakarudi Burundi, na huku Kirundi chake ndicho kikawa cha kuchekwa. Akanyamaza tena. Adabu aliyomfundisha Anita, aliipata ndani ya basi. Alikuwa hajawahi kuliwaza hilo, na sasa alipoliwaza hakujua alifanyie nini.

Akaamua kwamba hatamsahihisha tena. Alhamisi mchana Anita alileta chakula, akasema bila kufikiri, "Ugali iko tayari."

Generoza alilimeza neno lililomjia ulimini. Akanawa mikono, akaketi kando ya Tarsisi.

Anita hakuondoka. Alisimama akisubiri. Alipoona hakuna kinachokuja, akajisahihisha mwenyewe. "Ugali uko tayari, mama." Bado kimya. Msichana akamwangalia mama yake kwa wasiwasi. "Mama, unaumwa?"

"Siumwi. Kaa. Ongea."

"Niongee nini, mama?"

"Chochote."

Anita aliwaza, akakunja mikono mapajani. "Ndiyo, mama," alisema, na hakikutoka kingine. Tarsisi alitazama dari.

Ilipofika Jumamosi walikuwa uani wawili peke yao, wakichuja mafuta. Kazi hiyo inataka mikono minne. Mmoja anashika kitambaa, mwingine anamimina, na huwezi kutoroka mpaka bidoni ijae. Generoza alingoja mpaka Anita ashike ncha mbili za kitambaa.

"Kwa nini ulimwambia Rachelle naumwa?"

Anita alikaza ncha za kitambaa. "Ungekuja mkutanoni, mwalimu angesema nasema sana. Ungehuzunika."

"Nani kakwambia ningehuzunika?"

"Uso wako, mama."

Generoza aliendelea kumimina, polepole. "Uso wangu unasema?"

"Nyuso zote zinasema," Anita alisema, na maneno yakaanza kumtoka kama mtu anayeteremka mlima na hawezi kusimama. "Elda akiniangalia, naona kabisa anataka nimwambie atashinda. Zuwena akiniangalia, naona ni hivyo hivyo. Mtu akitaka neno na mimi ninalo, siwezi kumnyima. Tumbo linaniuma. Namwambia, anafurahi, tumbo linaacha. Nilidhani watasahau. Nilidhani kabla ya siku ile mmoja atachoka. Na yule papa wa ndagala anataka kuambiwa ni mtu wa kurudi, namwambia. Mwalimu anataka nikae mbele ya wenzangu niwe mfano, nakaa."

"Na mimi?"

"Wewe unataka ninyamaze."

Generoza aliacha kumimina. Mafuta yalikuwa yanadondoka kutoka kwenye kitambaa, tone, tone. Kwa hiyo ile adabu, aliwaza, ile niliyokuwa nikisifiwa, ilikuwa ni uongo uleule aliompa Elda, ila mimi nilipewa wa kimya. Au haikuwa uongo? Mtoto akimpa mama yake anachokitaka, hayo si ndiyo mapenzi? Aligeuza na kugeuza, na kila upande ulikuwa na uso.

"Udelege wenyewe," alisema, "uliutaka?"

Anita alitazama mafuta. "Walipoita jina langu nilifurahi. Sana. Sijui kama nilitaka kabla. Nimejiuliza, mama. Nikijiuliza mwenyewe sioni uso wowote." Kisha akauliza, "Nifanye nini Jumatatu? Nijiuzulu?"

Jibu lilikuwa tayari kinywani mwa Generoza. Lakini alipoinua macho, alimkuta mtoto ameshaanza kazi yake. Macho yake yalikuwa yanatembea juu ya uso wa mama, nyusi, midomo, yakipekua, yakitafuta neno kabla halijatamkwa. Na Generoza akajua kwamba akikaa hivi, atajibiwa kwa alichokitaka yeye, na hatajua tena, maisha yake yote, binti yake anataka nini.

Aliweka bidoni chini. Akafungua kitenge cha mabegani, akajifunika kichwa na uso wote, kama mwanamke aliyefiwa, akakaa juu ya jiwe.

"Mama?"

"Sema unalotaka wewe."

"Mama, toa kitenge."

"Sitoi."

"Umekasirika?"

"Sikwambii kama nimekasirika."

Chini ya kitenge kulikuwa na joto na harufu ya mafuta. Alisikia Anita akihema. Alisikia miguu yake ikizunguka, kama anatafuta upenyo wa kuchungulia. Halafu akasikia kilio. Kilianza chini, kikapanda, na jirani ng'ambo ya ua akauliza kama kuna usalama. Generoza aliitikia kwamba kuna usalama, ingawa hakuwa na hakika. Labda alikuwa anamtesa mtoto. Labda mama mwenye akili angemshika mkono, akamwelekeza, kwani mzazi ni wa nini? Mara mbili alishika ncha ya kitenge ili akitoe. Mara mbili akaiacha.

Kilio kiliisha. Kimya kikawa kirefu kiasi kwamba alidhani mtoto ameondoka.

"Nataka kubaki delege," Anita alisema kwa sauti ya mafua. "Na nataka Elda arudi. Na Zuwena simjali." Akavuta kamasi. "Namjali kidogo. Ananitisha. Nitawaambia ukweli, lakini sitaki kuacha udelege. Nimesema."

Chini ya kitenge Generoza alifumba macho. Yeye moyoni alikuwa ametarajia kusikia najiuzulu.

Jumapili baada ya ibada walikwenda. Kwa Zuwena, Generoza alibaki barabarani. Aliwaona wasichana wawili mlangoni, Anita anasema, Zuwena amekunja mikono juu ya kifua. Alisikia swali moja tu, maana Zuwena hakulipunguza sauti.

"Ulisema mimi nimesema sitaki. Hilo neno ulilitoa wapi?"

"Nililitunga."

"Ndumilakuwili," alisema Zuwena. Hakupiga kelele. Alirudi ndani, akafunga mlango taratibu, kama watu wanavyofunga mlango penye mgonjwa.

Kwa Rachelle ilikuwa ngumu zaidi, maana Elda hakutoka kabisa. Anita alisimama nje ya ukuta wa mabati, akasema na mabati. Generoza na Rachelle walikaa kwenye mchanga hatua chache kutoka pale, wakijifanya wanatazama ziwa. Walimsikia Anita akisema alidanganya, na kwamba hakudanganya kwa ubaya lakini hajui kama ni kweli kwamba hakudanganya kwa ubaya, na kwamba jina lake lilipoitwa alifurahi wakati Elda anatoka damu, na hilo ndilo linalomwaibisha kuliko yote. Rachelle aliguna. "Angeacha ile ya mwisho," alinong'ona. "Angesema tu pardo, nisamehe, ingetosha."

"Ndiyo," alisema Generoza, na hakuwa na uhakika.

"Umemaliza?" sauti ya Elda ilitoka ndani.

"Nimemaliza."

"Basi nenda."

Jumatatu Anita alisimama mbele ya darasa, akasimulia yote tena. Hayo Generoza aliyapata kwa mwalimu Niyonzima, aliyepitia sokoni alasiri kwa kisingizio cha kununua mawese. Mwalimu aliamuru kura zipigwe upya, safari hii kwa karatasi. Anita alishinda tena, lakini kwa tofauti ya kura tatu tu. Zuwena akawa wa pili. Elda hakusimama kugombea, na hakuna aliyejua kura yake ilikwenda wapi.

"Ni vizuri ao ni vibaya, mwalimu?"

Mwalimu alishika bidoni yake. "Mama, mimi nafundisha hesabu," alisema.

Elda alirudi baada ya wiki tatu. Hakurudi kwa kupatana. Alikuja kuazima daftari la jiografia, akalirudisha kesho yake, akaja tena kuazima la biolojia ambalo, kwa alivyojua Generoza, alikuwa nalo la kwake. Dada hakumwita tena. Alimwita Anita. Zuwena alibaki vilevile, ila siku moja alionekana akibishana na Anita njiani kwa sauti kubwa, wakitembea bega kwa bega hadi kona ya msikiti, na Generoza aliyewaona kutoka mezani kwake hakuweza kutambua kama ni ugomvi au ni urafiki wa aina fulani.

Jioni ya siku ile ya kura, hata hivyo, yeye, Tarsisi na binti yao walikaa chakulani, na Generoza akashindwa kuvumilia.

"Ungemwachia Zuwena," alisema. "Mtu akikosea anaondoka kitini. Hiyo ndiyo adabu."

Anita aliinua kichwa. Kwa mazoea macho yake yalikwenda usoni kwa mama, yakasoma, yakaelewa vizuri kabisa kilichotakiwa. Kisha yakabaki pale pale.

"Hapana, mama," alisema. "Nikiondoka, itakuwa nimewafurahisha tu. Nikibaki, batanichunga. Kila siku batanichunga, na mi nitasema ukweli juu naogopa. Ile iko bora."

"Watanichunga," alisema Generoza. "Hiyo ni bora."

"Batanichunga," Anita alisema. "Na bado mi sikubali."

Tarsisi alichukua sahani yake, akaenda kula nje. Generoza alibaki na tonge mkononi. Mkono ulitaka kumpiga kofi mtoto huyu aliyemjibu mkubwa mezani, na papo hapo ulitaka kumshika kidevu, na kwa kuwa ni mkono mmoja na ulikuwa na ugali, haukufanya lolote.

"Hukubali kwa sababu gani?" aliuliza. "Nieleze. Lakini nieleze vizuri."

Anita alimweleza, vibaya, kwa maneno mengi. Generoza hakukubaliana naye hata kidogo, akamwambia hivyo, na mtoto akajibu.